Luigi Broglio: profesa aliyerusha satelaiti kutoka bahari ya Malindi kwa fungu dogo la fedha

Zikitajwa safari za anga za juu, wengi wetu huku Kaliua tunawaza Marekani, Urusi, na siku hizi China na India. Ni wachache wanaojua kwamba kati ya mwaka 1967 na 1988 satelaiti 9 zilirushwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki, kaskazini ya mji wa Malindi nchini Kenya, na zote 9 zilifika zilikotumwa. Aliyebuni na kusimamia kazi hiyo alikuwa profesa kutoka Italia, Luigi Broglio, aliyefariki mwaka 2001.

Katika makala hii tunasimulia maisha yake, na tunayasimulia kwa sababu. Mwaka 2023 serikali yetu ilitangaza kuwa Tanzania inajiandaa kuwa na satelaiti yake ya kwanza. Tangu hapo swali linarudi kila msimu wa bajeti: nchi ambayo bado inatafuta fedha za maji, madarasa na barabara za vijijini inatengaje fedha za chombo cha angani? Swali hilo ni la haki, na Broglio alilijibu mbele ya serikali ya nchi yake mwaka 1961, wakati Italia ilikuwa imetoka vitani miaka 16 tu iliyopita. Jibu lake lina mambo ya kuiga na lina pengo ambalo sisi wa Afrika Mashariki hatuna budi kuliona.

Kijana wa Mestre

Luigi Broglio alizaliwa tarehe 11 Novemba 1911 huko Mestre, mji ulio bara mkabala na visiwa vya Venezia, kaskazini mwa Italia. Alisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Roma, kisha akaingia jeshi la anga la Italia akiwa mhandisi. Alipelekwa Guidonia, karibu na Roma, ambako jeshi hilo lilikuwa na kituo kikubwa cha utafiti wa ndege. Humo ndimo alimojifunza kazi iliyomfuata maisha yote: kupima namna hewa inavyokizuia na kukisukuma chombo kinachokwenda kasi.

Vita Kuu ya Pili ilimkuta huko. Mwezi Septemba 1943 Italia iliposalimu amri kwa majeshi ya Uingereza na Marekani, na Wajerumani wakaikalia sehemu kubwa ya nchi, Broglio alijiunga na Waitalia waliopigana na wavamizi hao kwa siri. Vita ilipokwisha alirudi Roma kufundisha. Mwaka 1952 alikabidhiwa uongozi wa shule ya uhandisi wa ndege ya Chuo Kikuu cha Roma, akipokea kijiti kutoka kwa Gaetano Arturo Crocco, mmoja wa waasisi wa taaluma hiyo nchini Italia.

Broglio alikuwa na sifa mbili ambazo ni nadra kukutana kwa mtu mmoja. Alikuwa msomi wa chuo kikuu na papo hapo alikuwa afisa wa jeshi la anga, ambako baadaye alifikia cheo cha jenerali. Kwa hiyo aliweza kuingia ofisi za wanasayansi na ofisi za wanajeshi, na kote akasikilizwa. Kwa mtu anayetafuta fedha za serikali, hilo lilikuwa mtaji kabla ya fedha yenyewe.

Mlango uliofunguliwa mwaka 1959

Urusi ya Kisovieti ilirusha satelaiti ya kwanza duniani, Sputnik, tarehe 4 Oktoba 1957. Marekani ikafuata mapema mwaka 1958, na mwaka huohuo ikaanzisha shirika lake la anga, NASA. Mashindano ya mataifa hayo mawili yaligharimu fedha ambazo nchi nyingine haziwezi hata kuzifikiria. Mwaka 1966, kati ya kila dola 100 zilizotumiwa na serikali ya Marekani, zaidi ya dola 4 zilikwenda NASA. Mpango wa Apollo, uliompeleka binadamu mwezini, ulikula takriban dola bilioni 25.

Italia haikuwa na fedha za namna hiyo. Lakini mwaka 1959 Marekani ilitangaza kwa wanasayansi wa dunia kwamba ipo tayari kuzisaidia nchi nyingine kurusha vifaa vyao vya utafiti. Mwaka huohuo baraza la utafiti la Italia liliunda kamati ya utafiti wa anga, na Broglio akawa mwenyekiti wake. Januari 1961 kundi lake lilirusha roketi ndogo za Kimarekani kutoka kisiwa cha Sardinia. Roketi hizo ziliachia moshi wa sodiamu juu kabisa ya mawingu, na kwa kuufuatilia moshi huo wataalamu wakapima upepo wa huko juu. Lilikuwa zoezi la gharama ndogo, ila liliwapa vijana wa Broglio kitu ambacho hakiuzwi dukani: mazoezi ya mikono.

Baada ya hapo ndipo alipokwenda kwa Waziri Mkuu Amintore Fanfani na ombi lake. Alitaka Italia itengeneze satelaiti yake, iirushe kwa mikono ya Waitalia, na irushwe kutoka ikweta. Serikali ilikubali mwaka 1961. Mpango ukaitwa San Marco, yaani Mtakatifu Marko, ambaye ndiye msimamizi wa Venezia.

Bajeti yenye ngazi tatu

Hapa tuingie kwenye hesabu, maana ndiko yaliko mafunzo makubwa.

Bajeti ya serikali yoyote inahesabiwa kwa miezi 12. Kwetu Tanzania mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Roketi na satelaiti haziifahamu kalenda hiyo. Kazi moja huchukua miaka mitatu, mitano au zaidi, na ikikatiwa fedha katikati, kilichokwisha tumika kinageuka hasara. Ndiyo maana mawaziri wa fedha kila mahali huiogopa miradi ya aina hii: ni rahisi kuianza, ni vigumu kuisimamisha, na matunda yake huonekana baada ya waliopitisha fedha kuondoka madarakani.

Broglio aliipunguza hofu hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kugawa gharama. Katika makubaliano ya mwaka 1962 kati ya Italia na Marekani, hakuna upande uliompa mwenzake fedha taslimu. NASA ilitoa roketi za aina ya Scout, ilifundisha mafundi na kusaidia kufuatilia satelaiti zikiwa angani. Italia ililipia satelaiti, majukwaa ya kurushia na watu wake. Kwa maneno mengine, kile cha ghali kuliko vyote, yaani roketi, Italia haikukigharamia kuanzia sifuri. Lira za Italia zilikwenda kwenye vitu vilivyobaki mikononi mwa Waitalia: ujuzi, vifaa vya kupimia na mahali pa kurushia.

Njia ya pili ilikuwa kuipanga kazi kwa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza, majaribio ya roketi ndogo na ya jukwaa lenyewe. Ngazi ya pili, satelaiti ya kwanza irushwe Marekani, kwenye kituo kilichokwisha zoeleka, lakini warushaji wawe Waitalia. Ngazi ya tatu, satelaiti irushwe kutoka ikweta. Hakuna aliyepanda ngazi ya pili kabla ya kukanyaga ya kwanza. Serikali iliweza kusimama na kuangalia ilipofika kabla ya kutia fedha zaidi.

Sisi wa magharibi ya Tabora tunaielewa thamani ya hilo kwa mfano wa nyumbani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Nachingwea na Urambo, jirani zetu hapa. Ulikusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3 na ulikadiriwa kugharimu pauni milioni 25 hivi. Matrekta yalinunuliwa na misitu ikafyekwa kabla udongo haujapimwa vya kutosha na kabla ya kuwa na kumbukumbu za mvua za miaka mingi. Kongwa udongo uligeuka mgumu kama saruji wakati wa kiangazi. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na serikali ya Uingereza ikaandika hasara ya zaidi ya pauni milioni 36. Urambo ikabaki na visiki, mashamba makubwa yaliyofyekwa, na baadaye zao la tumbaku ambalo nalo lina historia yake.

Mpango wa karanga haukukosa fedha. Ulikosa ngazi. Broglio alikuwa na fedha kidogo, na uchache huo ulimlazimisha kupima kila hatua kabla ya kuikanyaga.

Kwa nini Malindi?

Dunia inajizungusha yenyewe kutoka magharibi kwenda mashariki. Mtu aliyesimama kwenye ikweta, ingawa haoni kitu, anasafirishwa na dunia kwa mwendo wa karibu kilomita 1,670 kwa saa. Satelaiti inahitaji mwendo wa takriban kilomita 28,000 kwa saa ili iendelee kuizunguka dunia bila kuanguka. Roketi inayorushwa kutoka karibu na ikweta, ikielekea mashariki, inapewa sehemu ya mwendo huo bure. Mafuta yanayookolewa hugeuka uzito wa ziada wa vifaa unavyoweza kubeba. Kwa mtu mwenye roketi ndogo kama Scout, msaada huo ulikuwa mkubwa.

Msomaji wa Kaliua anaweza kuuliza: mbona na sisi hatuko mbali na ikweta? Ni kweli, tupo takriban nyuzi 5 kusini. Lakini roketi hujivua vipande kadiri inavyopanda, na vipande hivyo huanguka mamia ya kilomita mbele. Ukirusha hapa kuelekea mashariki, vitaangukia Tabora, Singida na Dodoma. Malindi ipo takriban nyuzi 3 kusini mwa ikweta, na mashariki yake ni Bahari ya Hindi tupu.

Broglio alikwenda mbali zaidi: hakujenga ufukweni, alijenga baharini kwenyewe, katika Ghuba ya Ungwana karibu na kijiji cha Ngomeni. Na hakununua vipya. Jukwaa la kuongozea, lililoitwa Santa Rita, lilikuwa jukwaa la kuchimbia mafuta la kampuni ya taifa ya Italia, ENI. Jukwaa la kurushia, lililoitwa San Marco, lilikuwa chombo cha zamani cha jeshi la Marekani kilichofanyiwa marekebisho. Yote mawili yalikokotwa hadi Kenya na kusimamishwa kwa miguu ya chuma iliyokita chini ya bahari, mita mia kadhaa baina yao, yakiunganishwa kwa nyaya. Roketi yenye urefu wa zaidi ya mita 20 iliunganishwa ikiwa imelala ndani ya banda, kisha ikasimamishwa saa ya kuruka ilipokaribia. Wataalamu waliiamrisha kutoka jukwaa la pili.

Kuwa baharini kulimwepusha na jambo jingine. Tukumbuke yaliyotokea Zanzibar miaka hiyohiyo. Marekani ilikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani huko Tunguu, Unguja, na mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962 alipita juu ya kituo hicho. Lakini watu wengi wa Zanzibar walikishuku kuwa ni cha kijeshi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 serikali mpya ilitaka kiondoke. Kabla ya katikati ya mwaka huo kilikuwa kimefungwa, na kazi yake ikahamia Madagaska. Vifaa vya bei kubwa vilikuwa vimewekwa mahali ambapo wenyeji hawakuwa wameelezwa vya kutosha vinafanya nini. Hiyo nayo ni gharama ya mradi wa anga, ingawa haiandikwi kwenye vitabu vya hesabu.

Kutoka roketi ndogo hadi Uhuru

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Miezi michache baadaye, mwaka 1964, roketi ndogo za majaribio ziliruka kutoka jukwaa la Santa Rita. Ngazi ya kwanza ilikuwa imepandwa. Tarehe 15 Desemba 1964 ngazi ya pili ikafuata: satelaiti ya San Marco 1 ilirushwa na timu ya Waitalia kutoka Wallops, jimbo la Virginia, Marekani. Na tarehe 26 Aprili 1967, San Marco 2 ikaruka kutoka bahari ya Malindi. Kundi la profesa mmoja wa chuo kikuu lilikuwa limefanya jambo ambalo mataifa mengi yaliyo tajiri kuliko Italia yalikuwa hayajalifanya.

Ndani ya satelaiti hizo kulikuwa na kifaa alichokibuni Broglio mwenyewe, ambacho Waitalia wanakiita mizani ya Broglio. Satelaiti ilikuwa kama tufe ndani ya tufe. Ganda la nje lilipogongana na hewa nyepesi sana iliyopo huko juu, lilirudi nyuma kidogo likilinganishwa na kiini cha ndani, na msogeo huo mdogo ukapimwa. Kwa njia hiyo wakajua hewa ya huko ina uzito gani. Si elimu ya mapambo: hewa hiyo ndiyo inayozipunguzia mwendo satelaiti hadi zinaanguka, na asiyeijua hawezi kupanga chombo chake kitaishi muda gani.

Sifa ya kituo ikawafikia wengine. NASA, iliyowafundisha Waitalia, ikawa mteja wao na kulipia huduma ya kurushiwa. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, satelaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco. Msimamizi wa mradi kwa upande wa NASA, mhandisi mwanamama Marjorie Townsend, aliipa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilifanya kazi hadi mwaka 1973, ikaorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na vipimo vyake vilisaidia kutambua kwamba kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Mwanasayansi aliyeongoza utafiti huo, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Italia, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Zikafuata nyingine za Italia, za Marekani, na moja ya Uingereza mwaka 1974. Ya mwisho, San Marco ya tano, iliruka tarehe 25 Machi 1988. Tisa zilirushwa, tisa zilifika. Wakati huohuo nchi za Ulaya, Italia ikiwemo, zilikuwa zimechangia fedha nyingi kutengeneza roketi ya pamoja iliyoitwa Europa. Roketi hiyo haikuwahi kufikisha satelaiti hata moja angani, na ikaachwa mwaka 1973.

Hongo ya ikweta

Sasa tufike kwenye lile pengo tulilolitaja mwanzo.

Nchi yetu hii ilikuwa njia ya misafara. Wafanyabiashara waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walipita Tabora, wakapita Urambo. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alijua kwamba aliye na njia ana mali, hata kama bidhaa zinazopita si zake. Misafara ililipa hongo kwa nguo, shanga na nyaya za shaba. Siku hizi neno hongo lina maana mbaya ya rushwa, lakini wakati ule ilikuwa ushuru wa wazi wa kupita, na watu walijadiliana kiasi chake kabla ya mzigo kusogea. Mirambo aliifanya hongo hiyo nguzo ya dola yake, na alikuwa tayari kuipigania vita na Waarabu wa Tabora.

Ikweta nayo ni njia. Katika hesabu ya Broglio, Marekani ilileta roketi, Italia ikaleta akili na majukwaa, na Kenya ikaleta mahali. Bila mahali hapo, mpango wa San Marco usingekuwa na maana uliyokuwa nayo. Lakini ukiangalia nani alipata nini, utaona Italia ilipata wahandisi, maabara na heshima, Marekani ikapata takwimu za kisayansi, na Kenya ikapata ajira kadhaa Ngomeni, kodi, na jina Uhuru angani. Kwa miaka mingi hapakuwa na shirika la anga la Kenya la kukaa upande wa pili wa meza, wala wahandisi wa Kenya wa kutosha wa kuuliza maswali magumu. Malalamiko juu ya faida ndogo yalisikika mara nyingi nchini humo.

Hatusemi Broglio alidanganya mtu. Yeye alikuwa mtumishi wa nchi yake na aliifanyia kazi nzuri. Tunachosema ni kwamba mwenye mpango na bajeti ndiye anayeandika masharti, na Kenya ya miaka ya 1960 haikuwa na vyote viwili katika jambo hili. Mirambo alikuwa na watu wake njiani. Kenya haikuwa na mtu wake jukwaani.

Mambo yalianza kubadilika baadaye. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia uliosainiwa mwaka 2016 unataja mafunzo, upatikanaji wa takwimu za satelaiti, kituo cha kanda cha kuichunguza dunia kutoka angani, na msaada kwa shirika la anga la Kenya, ambalo liliundwa mwaka 2017. Mwezi Mei 2018 satelaiti ndogo ya Chuo Kikuu cha Nairobi, yenye ukubwa wa mchemraba wa sentimita 10, iliachiwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga kwa msaada wa Japani na wa chuo kikuu kilekile cha Roma alikofundisha Broglio. Tarehe 15 Aprili 2023 ikafuata Taifa-1, iliyoelezwa kugharimu shilingi milioni 50 za Kenya. Iliruka kutoka California.

Miaka ya mwisho ya profesa

Broglio mwenyewe aliujua uchungu wa kunyimwa fedha. Mwaka 1988, mwaka uleule wa satelaiti ya mwisho ya Malindi, Italia iliunda shirika lake la anga la taifa. Kazi iliyokuwa ikiendeshwa na profesa na chuo chake sasa ikawa na wizara, bodi na kamati. Marekani ilikuwa ikielekea kuachana na roketi za Scout. Broglio, aliyekuwa ameshavuka miaka 75, alipendekeza Italia itengeneze roketi yake yenye nguvu zaidi kutokana na ile ya zamani, na iendelee kurusha kutoka Malindi. Shirika halikuupa mpango huo fedha za kuufikisha mwisho. Miaka ya 1990 ukafa, na majukwaa yakabaki kuliwa na chumvi ya bahari.

Alifariki mwezi Januari 2001 akiwa na umri wa miaka 89. Kituo cha Malindi kikapewa jina lake, na hadi miaka ya karibuni antena zake zimeendelea kupokea taarifa za satelaiti zinazopita juu ya ikweta. Mwaka 2012 Ulaya ilirusha kwa mara ya kwanza roketi ndogo iitwayo Vega, ambayo sehemu kubwa imetengenezwa Italia na mafundi waliorithi elimu ya miaka ya San Marco. Ilirushwa kutoka Guyana ya Ufaransa, Amerika Kusini, nayo iko karibu na ikweta.

Tunachoweza kukichukua sisi

Mkulima wa Usinge au Ulyankulu tayari anatumia anga za juu bila kujua. Utabiri wa mvua wa Mamlaka ya Hali ya Hewa unategemea pia picha za satelaiti za nchi nyingine. Ramani kwenye simu ni satelaiti. Moto wa msituni huonekana kutoka huko. Kwa hiyo Tanzania ikipeleka bungeni fungu la satelaiti, mjadala usiishie kwenye bei yake ikilinganishwa na visima na zahanati, ingawa ulinganisho huo ni halali kabisa.

Maisha ya Broglio yanatupa maswali manne ya kumwuliza mbunge wetu. Kwanza, kazi hii ina ngazi ngapi, na tutasimama wapi kupima kabla ya kutoa fedha zaidi? Pili, nani analipia nini, na kile cha ghali kuliko vyote tunakinunua au tunakiazima? Tatu, fedha zetu zinabaki kwa nani: kwa mwuzaji wa nje, au kwa vijana wa Kitanzania watakaojua kuitengeneza ya pili? Nne, wananchi wameelezwa kitu hiki kinafanya nini na takwimu zake zitamfikiaje anayesubiri mvua?

Satelaiti iliyonunuliwa ikarushwa na wengine, bila mhandisi wetu hata mmoja kujifunza kuitengeneza, itaishi miaka michache kisha itaungua ikirudi kwenye hewa. Wahandisi waliofundishwa na Broglio walibaki baada ya satelaiti zote 9 kuanguka. Katika kitabu cha bajeti, tutafute mstari wa mafunzo na tuangalie umeandikiwa shilingi ngapi.